Mazengo na Majengo

Mbukwenyi, ndugu wasomaji.

Nimeanza na salamu ya nyumbani Dodoma kwa sababu nimekuja kugombana, na mtu mstaarabu hagombani kabla ya kusalimu. Ninaogombana nao ni sisi wenyewe, vijana tunaoandika hadithi na kuzipitisha mkono kwa mkono kabla hazijafika kwa mhariri. Jambo lenyewe mtasema ni dogo: majina. Majina tunayowapa watu na mahali ndani ya hadithi zetu, na namna tunavyoyasoma majina ya watu na mahali yaliyoko nje ya hadithi, huku duniani.

Chukua hadithi tano za vijana, zozote zile. Kijiji kitaitwa Matumaini. Mwenyekiti wa kijiji ni Bwana Tamaa. Binti mzuri anayeteseka ni Subira, mvulana anayempenda ni Juhudi, na mganga ni Mzee Giza. Sasa jamani, msomaji abakiwe na nini? Akishaambiwa kwamba mwenye ufunguo wa sanduku la fedha za kisima ni Bwana Tamaa, kisima kimeshakauka kabla hakijachimbwa. Anafunga jarida, anakwenda kulala, wala huwezi kumlaumu.

Ukimwuliza mwandishi, anakujibu kwa kujiamini kabisa: "Mbona Shaaban Robert alifanya hivyohivyo?" Ni kweli alifanya. Kusadikika, kitabu cha 1951, ni nchi. Waziri wake ni Majivuno, na mtetezi anayeshtakiwa ni Karama. Utubora Mkulima naye jina lake ni cheti cha tabia njema. Lakini tumsome vizuri mzee huyu kabla ya kumfanya kinga yetu. Kusadikika ni nchi ya hewani. Hakuna barabara inayotoka Kusadikika kwenda Korogwe. Mwandishi aliyekuwa karani katika serikali ya kikoloni alikuwa na sababu zake za kuitundika nchi yake angani, mahali ambapo hakuna bwana shauri awezaye kunyoosha kidole na kusema, hapa umenisema mimi. Katika nchi ya namna hiyo jina haliwezi kuota mizizi, maana udongo haupo. Linabeba maana yake ya kamusi na maana hiyo inatosha. Mtu na mahali vinaitwa kwa mtindo mmoja, na mtindo una sheria zake ambazo Shaaban hakuzivunja. Sisi je? Sisi tunamweka Bwana Tamaa Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, halafu tunampandisha basi aende Bahi kununua mpunga. Tumechukua jina la hewani tukalichomeka kwenye udongo wa kweli, kisha tunashangaa linanyauka.

Euphrase Kezilahabi, nathubutu kusema, aliliona tatizo hili mapema. Mtu wake katika Kichwamaji (1974) ni Kazimoto. Ukilipasua jina hilo, kazi inatoka na moto unatoka. Lakini Kazimoto ni jina la watu hasa, utalikuta kwenye daftari la mahudhurio na kwenye orodha ya wachezaji mpira, kwa hiyo msomaji halishtukii. Na huyu Kazimoto wa riwaya, msomi wa chuo kikuu, moto wake haumchomi mtu kwenye kazi yoyote. Unamchoma mwenyewe kichwani mpaka anajiua. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) yuko Tumaini, jina ambalo lingefaa kabisa kwenye kile kijiji chetu cha Matumaini. Huyo Tumaini anaanza kwa kutapanya urithi wa wazazi wake na anaishia pabaya. Yaani mwandishi amempa mtu jina halafu akaligombanisha na maisha ya mwenye jina. Msomaji hawezi kulisoma mara moja akamaliza. Inambidi alisome upya kila sura. Sisi tunalimaliza jina kwenye mstari wa kwanza.

Ili nisionekane nabwabwaja juu ya vitabu tu, twendeni Kikuyu.

Kikuyu ninayoisema ni ya Dodoma mjini, yenye kata mbili, Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini. Mgeni akilisikia jina hilo mara ya kwanza anauliza palepale: Wakikuyu walifika lini huku? Wala hakosi mwenyeji wa kumpa jibu, kwa kuwa sisi binadamu swali likishaulizwa vizuri hatupendi liondoke mikono mitupu. Nimesikia eti walikuja na reli. Nimesikia eti walikuwa askari waliochoka vita. Mmoja aliniambia walikuwa wauza viazi, na alisema kwa sauti ya mtu aliyekuwapo.

Hadithi tamu zote hizo. Lakini hebu sikiliza majina mengine. Makuyuni iko Monduli, na Makuyuni nyingine iko Korogwe. Mkuyuni iko Mwanza. Chikuyu iko Manyoni, kwa jirani zetu wa magharibi. Kote huko hakuna anayehangaika kuwatafuta Wakikuyu, kwa sababu mkuyu ni mti. Ni mti wa mabondeni na kando ya mito, wenye tunda linalochipuka kwenye shina na kwenye matawi manene, na katika nchi kavu kama hii yetu, inayopata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka au pungufu, mti wa namna hiyo haukosi kutajwa. Anayekwambia "tukutane penye mkuyu" amekupa pia habari ya kivuli na pengine ya maji. Hata Wakikuyu wenyewe, ambao humtaja babu yao Gikuyu na mkewe Mumbi, wapo kati yao wanaolihusisha jina lao na mti huohuo. Ngugi wa Thiong'o katika The River Between, kitabu cha 1965, ana matuta mawili yanayotazamana mto ukipita katikati. Moja ni Kameno, jingine ni Makuyu. Undugu wa majina haya basi hauhitaji wahamiaji. Watu waliokaa mbalimbali chini ya miti ya aina moja wanatosha.

Na hapa pana mchezo wa bahati ambao mtunga hadithi angeogopa kuutunga. Kikuyu ya Kenya ina shule kongwe ya Alliance, iliyofunguliwa mwaka 1926 na umoja wa misheni za Kiprotestanti. Kikuyu ya Dodoma nayo ilikuwa na Alliance yake, shule ya sekondari, ya misheni vilevile. Kikuyu mbili, Alliance mbili! Mtu akiyapanga mambo hayo kwenye mstari mmoja anatoka na ushahidi unaong'aa wa Wakikuyu wa Dodoma. Nimekaa kwenye mabaraza ambako ushahidi mdogo kuliko huo ulitosha kumfungisha mtu virago.

Kosa la kutafuta Wakikuyu lina pacha wake, nalo ni kusikiliza Chigogo kwa sikio la Kiswahili. Dodoma pana mahali paitwapo Zuzu. Ipo Mvumi, ambako sikio la Kiswahili linasikia kitu kinachovuma. Ipo Kisasa, na kwa kuwa ina nyumba nzurinzuri watu wanaridhika kwamba jina limetokana na usasa, mjadala umefungwa. Ipo Mtumba, na huko ndiko serikali ilikojenga mji wake wa wizara uliozinduliwa mwaka 2019. Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa mawaziri wamehamia Mtumba anacheka mpaka machozi, akiwaona wanafunguliwa kutoka kwenye robota. Tunacheka wote, si dhambi. Dhambi inaanza pale utani unapokaa kwenye kiti cha maarifa. Niliwahi kusoma hadithi ya kijana mwenzetu ambayo watu wake wote wanatoka Zuzu na wote ni mazuzu. Ukurasa wa kwanza nilicheka. Ukurasa wa tatu niliona haya. Watu wa Zuzu wana ng'ombe, wana madeni, wana watoto shuleni, na jina lao hawakuliomba kwenye kamusi ya Kiswahili.

Tazameni jina la Dodoma lenyewe. Wazee wanasimulia habari ya tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye tope, na watu waliofika wakasema idodomya, limezama. Kuna masimulizi mengine, lakini hilo ndilo linalopendwa. Angalieni lilivyo: halisemi kwamba mahali hapa ni pazuri, au pa matumaini, au pa umoja. Linasema kwamba siku moja, hapa, kitu kilitokea na watu walikiona. Makao makuu ya nchi nzima yana jina la siku moja ya tope! Na sisi Wagogo tena inasemekana tuliitwa hivyo na wasafiri waliotukuta tumekaa juu ya magogo. Mpita njia akatupa jina, nasi tukalibeba, nchi ikawa Ugogo, lugha ikawa Chigogo, na mwaka 1954 mtoto wa nyumbani akaliandika kwenye jalada la kitabu: Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Gogo lililokaliwa likawa kiti cha mwandishi.

Mwandishi huyo nitarudi kwake. Kwanza Mazengo, maana ndilo jina lililonifanya nishike kalamu.

Mazengo alikuwa mtemi wa Mvumi, na wakati wa Waingereza alikuwa mmoja wa watemi waliojulikana sana Ugogo. Utemi serikali huru iliufuta mwaka 1963. Jina halikufutika. Ile Alliance ya Kikuyu baadaye ikawa Shule ya Sekondari ya Mazengo, na kwa miaka mingi kijana wa Kigoma au wa Mtwara aliyechaguliwa kwenda Mazengo alilijua jina la mtemi bila kujua kwamba kulikuwa na mtemi. Kwake Mazengo palikuwa mahali: mabweni, vumbi, upepo wa Julai unaoingia mpaka kwenye mifupa, maharage. Akizeeka anasema "nilisoma Mazengo" kama mtu asemavyo "nilikulia Tabora". Mtu amekuwa mahali, na mahali pamekuwa sehemu ya maisha ya watu ambao hawakuwahi kumsalimia mtu yule. Mwaka 2007 kikafunguliwa hapohapo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, cha Kanisa Anglikana, St John's kama wanavyokiita wanafunzi, na Mazengo akasogea nyuma ya jina jipya. (Yohana naye, tusisahau, ni mtu aliyekuwa mahali, tena mahali pengi duniani kuliko anavyoweza kuhesabu.) Sina ugomvi na chuo. Nchi inahitaji vyuo. Ninachoomba ni tulisikilize jina kabla halijasogea mbali zaidi.

Mgogo akijenga nyumba, anazenga. Wasukuma na Wanyamwezi nao wanazenga, na ujirani wa kaya zao wanao neno lake, zengo. Geuza z iwe j na kuzenga kumekuwa kujenga. Ndivyo Kiswahili kilivyokwenda na mzizi huo. Basi litamkeni jina lile polepole, mkilirudia. Mazengo. Majengo.

Na Majengo ni wapi? Ni kila mahali. Dodoma ina kata ya Majengo na soko la Majengo, ambako nyanya, vitenge na uvumi vinauzwa kwa bei ya kupatana. Moshi ina Majengo. Mombasa ina Majengo. Nairobi ina Majengo ya Pumwani. Ni jina la upande ule wa mji ambako watu wa kawaida walipewa au walijitwalia nafasi ya kusimamisha miti na udongo, na likakaa, hata pale matofali yalipokuja na hata pale matofali yenyewe yalipoanza kubomoka. Hakuna anayejiuliza Bwana Majengo alikuwa nani. Hakuwapo. Majengo ni la wote, kwa hiyo ni la yeyote. Mazengo ana sauti hiyohiyo, karibu kabisa, lakini ana mwenyewe, ana kaburi, ana wajukuu, na wajukuu wana vyeti vya kuzaliwa.

Hapo mtanikamata: kumbe nawe umefungua kamusi! Zuzu umetukataza, Mazengo umejiruhusu. Swali la haki, na nitajaribu kulijibu kwa haki. Kwanza, nimelisoma jina kwa lugha ya mwenye jina. Hilo peke yake halitoshi, lakini bila hilo hatujaanza. La pili ndilo zito. Sidai kwamba aliyempa mtoto jina la Mazengo alikuwa anasema "majengo". Mtoto hupewa jina la babu, la njaa, la mvua, la mgeni aliyelala siku ile mama alipojifungua. Baba yake Mwalimu aliitwa Nyerere, na kwa Kizanaki ni viwavi, wale walioivamia nchi alipozaliwa. Leo katikati ya Dodoma upo uwanja wa Nyerere, watu wanakaa jioni wanakula aisikrimu, na nani kati yao anaona kiwavi? Mji wa serikali kule Mtumba nao umekuja kuitwa kwa jina la Magufuli, na hakuna aendaye wizarani akitafuta makufuli. Je, viwavi wamekufa? Hawakufa, wamelala chini, na juu yao mtu mmoja aliishi maisha yake, na juu ya maisha yake watu wameweka uwanja, na juu ya uwanja watoto wanakimbizana. Jina lina tabaka kama udongo wa mtoni. Neno la kamusi lina maana hata likikaa miaka mia bila kutamkwa. Jina ni wito. Lazima awepo wa kuitika, na kila anayeitika analiongezea kitu. Mazengo aliitika kama mtemi. Kisha shule nzima ikaitika. Bwana Tamaa wetu hajawahi kuitika. Tumemwita sisi, tumemjibia sisi, tumemhukumu sisi, na hadithi imekwisha.

Sasa nirudi kwa mwandishi wetu wa kwenye gogo. Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Alizaliwa mlangoni mwa ile njaa kubwa ya miaka ya vita ambayo Wagogo waliipa jina lake kama mtu, Mtunya, na baadaye wakawa wanahesabu umri kwa kuitaja: huyu ni wa kabla ya Mtunya, yule wa baada. Lakini jina la Mnyampala lenyewe peke yake lingetosha riwaya. Kwa Chigogo munyamhala ni mzee, mtu mzima mwenye kaya yake, anayesikilizwa. Neno lina ukoo mpana, wanalo na Wanyamwezi, na katika misafara ya pembe za ndovu iliyoikatisha Ugogo karne ya 19 mnyampara alikuwa kiongozi wa wapagazi. Kiswahili kikaliokota barabarani likiwa tayari limeshika kiboko. Mnyapara wa Kiswahili ni yule msimamizi wa vibarua ambaye habebi ila anahesabu wanaobeba. Gerezani nyapara ni mfungwa aliyepewa wafungwa wenzake awachunge. Mzee wa kaya na nyapara wa gereza, neno moja! Limeharibikiwa wapi? Limeharibikiwa njiani, kati ya Bagamoyo na Ujiji, pale mzee wa heshima alipopewa mizigo ya mtu mwingine aisimamie.

Na mtu aliyelibeba jina hilo alikuwa vyote viwili. Alikuwa mwenyekiti wa UKUTA, Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, akazijenga ngonjera mpaka zikaingia kila shule ya msingi, watoto wamepanga mstari, mikono nyuma, wakijibizana juu ya siasa na kilimo. Wanaoandika mashairi huru wanapenda kumtania kwamba alikuwa nyapara wa vina na mizani, na mimi niliyewahi kusimamishwa juani kukariri ngonjera sina nguvu ya kuwakatalia. Lakini fungua ile Historia ya 1954 utamkuta munyamhala, amekaa chini, anataja nani alitoka wapi, ukoo upi ulishika nchi ipi, kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba asipotaja yeye hatataja mwingine. Tawasifu yake, Maisha ni Kugharimia, ilichapwa mwaka 2013, miaka zaidi ya arobaini baada ya kifo chake. Tumemwita kwa kuchelewa. Mhakiki anayejua Kiswahili tu atamwona Mnyampala mmoja, anayejua Chigogo tu atamwona mwingine, na ushairi wake nadhani uko hasa pale wawili hao wanapogombana. Hata katika kichwa cha Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili (1961) mtu anaitwa kwa kazi yake. Mnaona tofauti? Mtu ukimwita kwa kazi yake bado hujamhukumu. Mrina asali anaweza kuwa mwizi, anaweza kuwa mtakatifu. Asali tutaiona mbele ya safari.

Nimezunguka yote haya kwa sababu Dodoma inakua na majina yanapungua. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyoanzishwa mwaka 1973 na kuvunjwa mwaka 2017, ilikuwa na kazi ya kupima viwanja, na mpimaji ana haraka. Tukapata Area C. Tukapata Area D. Ni mitaa mizuri yenye watu wazuri, lakini hakuna mtoto atakayezaliwa akaitwa Area D, na hakuna mzee atakayeulizwa chanzo cha jina akavuta kigoda. Kwingine jina limebaki ila limekatwa meno: Ng'hong'honha, mtaani kwao mwenyewe, inaandikwa kwa namna nne, na ving'ong'o vyote vimedondoka njiani kama mihogo kwenye gunia bovu. Waandishi tungekuwa wa mwisho kushiriki katika kazi hii. Badala yake sisi ndio tunaoandika "kijiji cha Matumaini, mkoani Dodoma".

Nawaomba kitu kimoja tu. Niandikieni kijana wa ukoo wa Mazengo aliyepanga chumba Majengo. Msimwongezee sifa. Msinipe Subira wala Juhudi. Mwacheni aamke, aende kazini, arudi, aitwe jina lake na watu mbalimbali kwa siku moja: mama yake kwa simu, mwenye nyumba, konda, karani. Mkiona kwamba hapo hakuna hadithi, nisikilizeni dakika mbili.

Yupo mwenzangu niliyesoma naye, wa ukoo huo. Alipoandikishwa kwa mtihani wa darasa la saba, aliyeshika kalamu alimwuliza jina la babu. "Mazengo." "Majengo?" "Mazengo." "Ndiyo, Majengo. Sema vizuri, usiniletee kilugha hapa." Cheti kikatoka Majengo. Kidato cha nne kikafuata kilekile, Majengo. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa Mazengo. Kwa miaka jambo hilo halikumsumbua mtu, mpaka alipopata kazi yake ya kwanza ya maana na kuambiwa dirishani kwamba vyeti vyake ni vya watu wawili, na kwamba mmoja wao lazima aondoke. Alipomweleza baba yake, mzee alikaa kimya kidogo halafu akasema: "Mimi sijazaa soko."

Basi akaenda kwa wakili, akaapa. Nimekiona kiapo hicho, karatasi moja, picha ndogo, muhuri mwekundu. Kinasema kwamba aliyetajwa anathibitisha kwa ukweli wote kuwa Mazengo na Majengo ni mtu mmoja. Nilimwambia hiyo ndiyo tahakiki bora ya jina niliyopata kuisoma, na imemgharimu fedha yake mwenyewe. Hakucheka sana.

Tulikwenda wote kukipeleka. Tulikaa kwenye benchi mpaka saa sita. Karani akatoa kichwa mlangoni, akaita: "Majengo!" Hakuna aliyeinuka. Akaita tena. Mwenzangu akanitazama, akaikunja karatasi yake vizuri, akaenda.